BABA MUUZA NYAMA, MWANA MLA MAJANI: SIKU YANGU YA MIGUU MJINI GHENT

KUNA swali ambalo mtu akitoka Ulaya huulizwa kabla hata hajatua begi: "Huko ulikuwa unakula nini?" Mie niliulizwa na baba yangu mzazi, tena kwa simu, nikiwa bado hukohuko. Jibu nililompa ndiyo habari yangu ya wiki hii.

Kwanza nijieleze, tusije tukapotezana njiani. Mie sili nyama. Sili kuku, sili samaki, sili mayai, sinywi maziwa, hata asali naipisha. Watu wa namna hii Wazungu wanawaita vegani. Kwetu Morogoro wana jina lao jingine: mla majani.

Kasheshe ni kwamba baba yangu ana bucha. Bucha hiyo ndiyo iliyonilipia ada na sare mpaka nikamaliza kidato cha nne. Nilipomaliza nikawa namsaidia kaunta, na alfajiri moja akanituma machinjioni kufuatilia mzigo. Kulikuwa na ng'ombe mmoja aliyegoma kuingia. Alisimama mlangoni miguu ikimtetemeka, macho yamemtoka. Sikusema kitu. Nilirudi nyumbani, mchana nyama haikupita kooni, na kesho yake vilevile. Maziwa na mayai navyo nikaviacha baadaye, polepole.

Baba alidhani nina mimba. Halafu akadhani nimehamia dini nyingine. Alipogundua si hili wala lile, akanuna. "Kwa hiyo kazi yangu ni dhambi?" aliniuliza. Tangu siku hiyo, miaka mitatu mizima, hatukula meza moja. Akikaa yeye, mie nabeba sahani yangu naenda kibarazani.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anafanya kazi Brussels, nchini Ubelgiji. Naye ni mla majani mwenzangu, tena mkongwe. Ndiye aliyenikatia tiketi nikapumzishe akili. Siku yake ya mapumziko akaniambia, "Mdogo wangu, leo twende Ghent, ukaone mji wa kale. Vaa raba."

Treni ilituchukua kama nusu saa hivi, ikatushusha kituo cha Sint-Pieters, jengo lililotayarishwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1913. Hapo pana tramu za kukufikisha katikati ya mji. Dada akakataa katakata. "Mji huu ukiupitia kwa tramu unaona migongo ya watu tu," alisema. Tukachapa mguu.

Nakuambia msomaji, kutembea Ghent ni raha. Mwaka 1997 waliyaondoa magari kwenye sehemu kubwa ya katikati ya mji, na mwaka 2017 wakaipanua zaidi sehemu hiyo ya waenda kwa miguu. Lakini usijisahau. Baiskeli zao zinakuja kimyakimya kama paka. Mara mbili Dada alinivuta mkono, mara ya tatu nikajifunza mwenyewe.

Tulisimama juu ya daraja la Sint-Michiels. Ukiwa pale unaiona minara mitatu imepangana kama wanafunzi paredi: wa kanisa la Mtakatifu Nikolao, wa kengele za mji, na wa kanisa kuu la Sint-Baafs. Ule wa kengele una urefu wa mita 91, na kileleni pameketi joka la shaba. Chini ya daraja kuna gati mbili za zamani, Graslei na Korenlei, nyumba zake zimebanana kando ya maji.

"Unajua mji huu ulinenepa kwa nini?" Dada akaniuliza. Nikasema kwa nyama. Akacheka. Ulinenepa kwa vitambaa vya sufu na kwa nafaka. Zamani jahazi la nafaka likipita hapo, lilitakiwa kuacha robo ya mzigo mjini. Ghala la mawe la kuhifadhia nafaka hiyo lipo mpaka leo, lina umri wa miaka mia nane hivi. "Umeona?" akasema. "Kumbe walinenepa kwa vyakula vyetu sie wala majani!"

Basi njaa ikabisha hodi. Pua yangu ikanipeleka kwenye kibanda cha chipsi. Si unajua Wabelgiji na chipsi? Nilijiambia, viazi ni viazi, hapa sina cha kuuliza. Nikanunua pakiti, nikala vijiti vitano, sita. Vilikuwa vitamu! Vilikuwa na utamu fulani ninaoufahamu, ila sikujua nimekutana nao wapi.

Dada aliyekuwa amechelewa nyuma akafika mbio. "Umeuliza mafuta?"

Sikuuliza. Tukarudi dirishani. Yule kijana akatujibu kwa adabu kabisa kwamba wanakaangia mafuta ya ng'ombe, ndivyo chipsi za asili za huko zilivyo. Wapo wanaotumia mafuta ya mimea, lakini lazima uulize.

Nilisimama na pakiti yangu kama mtoto aliyefumaniwa. Sasa nilikumbuka ule utamu. Ulikuwa harufu ya bucha la baba jioni ya Jumamosi, akiyeyusha mafuta kwenye sufuria kuukuu nyuma ya duka. Machozi yakanilenga. Dada alidhani nalia kwa kula haramu yangu. Sikuwa nalia kwa hilo. Nilikuwa nimemkumbuka baba, tena kwa njia ambayo sikuitegemea kabisa.

Chipsi nikampa kijana mmoja aliyekuwa amekaa chini na mbwa wake. Sie tukatafuta mgahawa wa mboga, na hapo ndipo mji ulipotuonyesha upande wake mwingine. Mwezi Mei 2009 Ghent ilitangaza Alhamisi kuwa siku ya mji mzima kujaribu kula bila nyama, na ikajulikana kama mji wa kwanza duniani kuwa na siku rasmi ya namna hiyo kila wiki. Hakuna anayelazimishwa. Ila mwaka huohuo shule za mji nazo zikaanza kuwapikia watoto chakula cha mboga siku hiyo. Kwa hiyo pale ukisema huli nyama, mhudumu hakuangalii kama mgonjwa. Kwetu, wewe si unajua, ukisema huli nyama unaambiwa, "Basi tutakuwekea dagaa."

Nikaletewa supu ya dengu, mkate mweusi na saladi. Nilipoiona bili nikacheka peke yangu. Dengu! Chakula ambacho nyumbani tukikila wiki nzima tunasema hali ni mbaya, hapo watu wamevaa makoti mazuri wanakilipia kwa euro.

Tukiwa mezani nikamlalamikia Dada jinsi mtaani wanavyoniita mla majani. Akanipa kisa. Mwaka 1539 watu wa Ghent waliasi kwa sababu ya kodi ya vita ya mfalme Karoli wa Tano, ambaye ni mzaliwa wa mji huohuo. Mwaka 1540 akaja kuwaadhibu. Wakubwa wa mji na watu wengine wakatembezwa, wengine peku, wengine wamevaa mashati meupe na vitanzi shingoni, waombe radhi. Jina la "wavaa vitanzi" likawaganda. Leo hii, Dada akasema, wao wenyewe wanajiita hivyo kwa majivuno, na kwenye sherehe zao za Julai wapo wanaoandamana na vitanzi shingoni. "Na wewe jina lako livae," akaniambia. "Litalainika."

Tulipoondoka hapo tukaingia kanisa kuu la Sint-Baafs. Humo imo michoro maarufu ya ndugu wawili, Hubert na Jan van Eyck, iliyokamilika mwaka 1432. Imepata misukosuko hiyo! Kipande kimoja kiliibwa mwaka 1934 na hadi leo hakijapatikana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajerumani waliichukua, ikaja kukutwa mwaka 1945 imefichwa kwenye mgodi wa chumvi huko Austria.

Katikati ya michoro hiyo yupo mwanakondoo. Amesimama juu ya madhabahu, damu inamtoka kifuani inaingia kwenye kikombe, na watu kwa makundi wamekuja kumwabudu. Wataalamu walipoisafisha waliikuta sura yake ya kwanza chini ya rangi iliyopakwa baadaye, na picha zake zilipoenea mwaka 2020 watu walicheka, kwani macho yake yanakutazama usoni kama ya binadamu. Mie sikucheka. Nilimkumbuka yule ng'ombe wa mlangoni. Nilisimama pale mpaka Dada akanigusa bega.

Tulipotoka tulirudi upande wa mto mpaka kiwanja kiitwacho Groentenmarkt, maana yake Soko la Mboga. Nikasema hapa ndipo kwetu! Kumbe ubavuni mwa Soko la Mboga limelala jengo refu la mawe, paa lake limeinuka kwa madirisha madogomadogo. "Na lile?" nikauliza. Dada akasita kidogo. "Lile ni bucha," akasema.

Ni kweli, msomaji. Linaitwa Groot Vleeshuis, Nyumba Kubwa ya Nyama, na lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 15. Wakati huo mtu hakuruhusiwa kuuzia nyama nyumbani kwake. Iliuzwa humo tu, ili ikaguliwe na wateja wasiuziwe kibudu. Pembeni mwa jengo, upande wa kiwanja, vimeegemezwa vibanda vidogo. Dada akanieleza kwamba hivyo vilikuwa vya utumbo na matumbo, mafungu ya wasio na uwezo wa kununua steki.

Hapo miguu ikagoma kwenda mbele. Baba yangu, kila Jumamosi jioni kabla hajafunga, hufungia utumbo na mifupa ya supu kwenye magazeti, vifurushi vitano au sita. Ni vya wajane wa mtaani. Hawalipi. Mimi ndiye niliyekuwa nikivipeleka tangu nikiwa darasa la tatu. Katika miaka yote mitatu ya kununiana, nilimkumbuka ng'ombe kila siku. Wale wajane sikuwakumbuka hata mara moja.

Nikampigia simu ya picha. Kwetu ilikuwa jioni, alikuwa anakwangua gogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Huko unakula nini?"

"Dengu na mkate, baba."

"Ulaya yote hiyo wamekukosesha nyama?"

Nikageuza simu nikamwonyesha jengo. "Baba, hili ni bucha. Lina miaka mia sita. Na vile vibanda vya pembeni vilikuwa vya utumbo, vya maskini."

Akaacha kukwangua. Akatazama muda mrefu. "Miaka mia sita," alisema. "Hao walikuwa wachinjaji."

Nikajikaza. "Baba, sijawahi kusema kazi yako ni dhambi."

"Hukusema," akajibu. "Ila ulihamisha sahani."

Sikuwa na la kujitetea. Nilikuwa nimejihesabu mie ndiye niliyenuniwa, kumbe kibarazani nilikwenda kwa miguu yangu mwenyewe. Nikamwomba radhi kwa kuhamisha sahani. Nikamwambia nyama sitakula, lakini meza sitaihama tena.

Alikaa kimya, kisha akasema, "Ukirudi mama yako atapika kisamvu. Mimi nitakula nyama yangu palepale. Usije ukanitazama vibaya."

"Sitakutazama vibaya, baba."

Dada alikuwa amegeuka anajifanya anatazama mto.

Palepale Groentenmarkt lipo duka la haradali la Tierenteyn, jina linalouza haradali tangu mwaka 1790. Wanaichota kwenye pipa wanakujazia kwenye chupa. Ni mbegu za haradali, siki na chumvi, hakuna mnyama ndani. Nikanunua chupa moja. Dada akauliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya mezani.

Jumapili iliyopita tulikaa wote, baba, mama na mie. Mbele ya baba nyama ya kuchoma, mbele yangu kisamvu cha nazi na ugali, na katikati chupa ya Ghent. Baba alichovya pande la nyama kama anachovya pilipili ya kawaida. Haradali ikampanda puani, machozi yakamtoka, akapiga chafya tatu mfululizo. "Hawa watu," alisema akijifuta, "wanataka kuniua na bucha niwaachie nani?" Kisha akanisogezea chupa.

Nawe msomaji ukijaliwa kufika Ghent, vaa raba, ogopa baiskeli, na kabla hujala chipsi uliza mafuta. Na kama hapo nyumbani kuna mtu uliyemhamishia sahani, sina haja ya kukuambia cha kufanya.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.