Shajara za Nesi, Sehemu ya 9: Mzee wa Tupa

Niliwaahidi hadithi ya mzee wa chumba nambari sita kisha nikanyamaza. Mniwie radhi, nilikuwa na shifti tano za usiku mfululizo. Familia yake imeniruhusu niandike. Jina lake silitaji, wala la nyumba ya wazee niliyokuwa nikifanyia kazi wakati huo. Jueni tu ni mji wa viwanda karibu na Birmingham, huku Uingereza.

Siku naanza pale, kwenye makabidhiano niliambiwa: mzee wa sita, miaka themanini na kitu, ana ugonjwa wa kusahau, mkali, halali, Kiingereza kimemtoka, anaongea Kipunjabi tu. Haya. Saa tatu usiku naingia na dawa zake. Ananitazama kwa makini, ananiambia, "Jambo, dada."

Jamani, nusura niangushe trei. Nikamuuliza, "Mzee, kumbe wewe ni wa nyumbani?"

"Mimi iko Ngara," akasema, kana kwamba Ngara iko hapo nje kwenye maegesho ya magari.

Sisi tuliokulia Kenya tunakijua hicho Kiswahili. Ni cha gereji na cha duka la vyuma, na utotoni tulikiigiza tukicheka. Usiku ule sikucheka. Miaka minne nilikuwa sijaamkiwa na mgonjwa kwa lugha yangu.

Sasa niwaambie nilichofanya, maana kwa sababu hicho ndiyo naandika.

Usiku wa tatu nilimkuta ameketi kitandani, ameshika kipande cha chuma cha mraba, kidogo kuliko kiberiti, kimefungwa kitambaa chenye mafuta meusi. Kimeshika kutu. Shuka limechafuka. Ananionyesha, amekunja uso: "Hii mbaya. Tupa. Dada, tupa!"

Mnaona? Mtu anakwambia hii mbaya, tupa. Na mimi ndiye niliyekuwa nikijisifu kwa wenzangu kwamba ni mimi peke yangu ninayemwelewa. Nikakichukua, nikakitia kwenye mfuko wa taka pamoja na kitambaa chake, nikabadilisha shuka. Asubuhi gari la taka likapita.

Kuanzia hapo mzee hakulala. Alivuta droo zote, akamsukuma mwenzangu mmoja, akawa anaita usiku kucha, "Tupa! Tupa!" Nikamwambia, mzee, nimeshatupa. Akalia. Tuliandika kwenye faili kwamba mgonjwa ana fadhaa. Daktari akaongeza dawa ya kumtuliza, na aliyempa ni mimi, kwa mkono huu.

Jumapili binti yake akaja. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, mwalimu. Akafungua droo ya chini, akatoa bamba la chuma lenye tundu la mraba katikati, akauliza kwa Kiingereza, "Mwenzake yuko wapi?"

Akanieleza. Baba yake alipokuwa kijana wa miaka kumi na saba, mwanagenzi katika karakana ya reli Nairobi, mtihani wake ulikuwa huo: toboa tundu la mraba kwenye bamba, kisha tengeneza mraba wa kuliingia. Hakuna mashine, ni mkono. Uingie kwa kila upande, ukiuzungusha, ukiugeuza, na ukiuinua dirishani usione hata uzi wa mwanga kati ya chuma na chuma. Kwa kazi hiyo unatumia nini?

Tupa. Ile ya kusugulia chuma. Baba yangu mwenyewe anayo moja Nakuru, ananolea msumeno wake, na nimemtumwa hiyo tupa tangu nina miaka sita! Mzee hakuwa akiniambia nitupe. Akilini mwake alikuwa bado kijana, fundi mkuu amemrudishia kazi yake kwamba ni mbaya, na alikuwa akiomba tupa aimalizie.

Nilimwambia binti ukweli palepale. Hakupiga kelele. Alishika lile bamba mapajani kwa muda mrefu, kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia: wao watoto walikuwa wamesikia hilo neno miezi mingi wakadhani baba anaweweseka. Nyumbani kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya siri ya wazazi. Baba na mama walikitumia kuzungumza mambo ya pesa na ya kugombana, watoto wasielewe.

Tukakaa naye hadi jua likazama. Babu yake mzee alitoka Punjab kuja kujenga reli, ile ya Mombasa hadi Kisumu, 1896 hadi 1901. Waliletwa zaidi ya vibarua na mafundi 30,000 kutoka India, karibu 2,500 wakafa, wengi wakarudi kwao mkataba ulipokwisha. Yeye alibaki. Mzee wetu akazaliwa Nairobi, akasoma Nairobi, akaoa Nairobi. Baada ya uhuru watu kama yeye walipewa miaka miwili waamue kama wataomba uraia wa Kenya. Yeye alibaki na pasipoti ya Uingereza. Mwaka 1967 ikaja sheria ya vibali vya kazi kwa wasio raia, na mapema 1968 Uingereza nayo ikaanza kuzungumzia kufunga mlango. Februari akapanda ndege na mkewe na mtoto mchanga. Sheria ya kuwazuia ilipitishwa bungeni London kwa siku tatu tu, ikaanza tarehe 1 Machi.

Kwa hiyo alihama kwa haraka kutoka mji pekee aliokuwa akiujua, na kiwandani huku wakampa ufagio. Vyeti vya Nairobi havikuhesabika. Alifagia miezi minane. Kisha siku moja kalibu ya kubania bati la milango ya gari ikawa inatoa bati lenye ukingo mbaya, mafundi wanahangaika nayo, naye akaweka ufagio ukutani akawaonyesha palipoinuka. Elfu mbili za inchi. Unywele wako ni mnene kuliko hapo. Basi akawa fundi wa zana pale, hadi alipostaafu.

Binti hakumpamba baba yake, na nilimpenda kwa hilo. Alisema alikuwa mgumu. Aliwafanya warudie kazi za shule kwa sababu mstari umepinda. Urefu wao aliuchora kila mwaka kwenye fremu ya mlango kwa sindano ya chuma, penseli hakuiamini. Yeye alipoolewa na mtu ambaye baba hakumtaka, mzee hakusema naye mwaka mzima. Halafu Jumamosi moja akabisha hodi na kisanduku chake cha zana, akasema kitasa cha mlango huu ni takataka, akakibadilisha, akanywa chai, akaenda zake. Hiyo ndiyo ilikuwa samahani.

Nilimwomba binti alete tupa. Meneja akakataa: kitu chenye ncha, mgonjwa mwenye fujo. Nikajaza fomu, zikarudi. Nikajaza tena. Wiki tatu. Mwishowe tukaruhusiwa dakika ishirini kwa siku, mfanyakazi akiwa pembeni. Kaka mkubwa akaleta jiliwa ndogo ya kufunga mezani, tupa ya mpini wa mbao na kipande cha chuma laini. Mimi nilitumia muda wangu wa mapumziko.

Laiti mngeona ile mikono! Mikono ambayo ilikuwa haiwezi kufunga kifungo cha shati ilishika tupa ikatulia. Alinifundisha kupaka chaki kwenye meno ya tupa ili unga wa chuma usigande. Sukuma, inua, rudi. Usikwaruze ukirudi. Nikikosea ananigonga kidole: "Wewe iko haraka sana." Wiki ya pili alianza kulala hadi saa kumi na moja alfajiri, na daktari akapunguza ile dawa.

Kila siku tulipomaliza aliingiza mraba kwenye bamba, akauinua dirishani, akafumba jicho moja. "Bado. Taa inapita."

Alifariki Novemba, kabla ya mapambazuko. Pande tatu zilikuwa zimekaa. Wanawe walipokuwa njiani nilimuosha uso na mikono, kama tunavyofanya. Chini ya kucha ya kidole gumba palikuwa na weusi wa unga wa chuma. Nilikuwa nimeshachukua brashi. Nikairudisha kwenye beseni.

Sehemu ya 10 Jumapili, Mungu akipenda. Nina shifti saa moja.