Gisenyi: Kwa Gorila Wasiofungwa

Mume na mke wanaozuru Ulaya wakati wa baridi kali huweza kuwatazama gorila katika bustani za wanyama, ndani ya majumba yenye joto, kioo kikiwa kati. Hao ni gorila wa nyanda za chini. Atakaye kumwona gorila wa milimani sharti apande kwao.

Gisenyi, mji wa Rwanda ulio ufukoni mwa Ziwa Kivu, mpakani na Goma, ni mojawapo ya malango ya safari hiyo. Kutoka hapo wageni huelekea Kinigi, penye Hifadhi ya Taifa ya Volkano, ambako asubuhi sweta haliepukiki, ijapokuwa ikweta i karibu.

Huko hakuna kioo. Kundi la wageni ni watu wanane, muda ni saa moja, na mwenye mafua haruhusiwi, kwani maradhi ya binadamu huweza kumwua gorila. Mke akiugua hubaki, mume akaenda peke yake. Mume akiugua, vivyo hivyo. Hesabu zilizotangazwa hadi mwaka 2019 zilifikia gorila wa milimani 1,063 tu duniani. Nidhamu ya mgeni ndiyo ngao yao.