Mwaridi wa Mama

Kila mkulima anajua kupanda muhogo. Unakata pingili, unaichomeka ardhini, nayo inachipua. Mwaridi, yaani mti wa waridi, nao hupandwa vivyo hivyo. Lakini wengi wetu hapa Lushoto hudhani kwamba mche wake lazima ununuliwe.

Mimi nililazimika kujifunza kazi hii. Mama yetu alipofariki aliacha mwaridi mmoja karibu na mlango. Maua yake ni mekundu na yananukia sana. Jina la aina yake hatulijui, hata mama hakulijua. Kaka yangu alirithi kiwanja kile, akataka kujenga nyumba ya matofali pale pale. Simlaumu, ana watoto saba. Akaniambia, "Mdogo wangu, nakupa mpaka mwisho wa mwezi wa saba. Mafundi wakija, nitaung'oa."

Kuuhamisha mti mzima tuliogopa. Ulikuwa mzee, na mizizi yake imeingia chini ya ukuta. Mbegu nayo haifai, kwa sababu mara nyingi mche wa mbegu hautoi ua lililo sawa na la mti uliouzaa. Kijiti hutoa ua lile lile, rangi ile ile na harufu ile ile.

Nilianza mwezi wa tano, masika yakielekea kwisha. Wakati huo milimani kwetu kuna baridi na jua si kali. Kijiti hakikauki upesi. Nilichagua matawi yaliyokwisha kutoa maua, yenye unene wa penseli. Tawi changa sana huoza, na lililozeeka huchelewa kutoa mizizi. Nilikinoa kisu na kukiosha, nikakata vijiti 12 vyenye urefu wa shubiri moja. Chini nilikata karibu na kifundo, pale jani linapoota, maana hapo ndipo mizizi hupenda kutokea. Juu nilikata mshazari, ili maji yasituame. Niliondoa maua yote na majani ya chini, nikabakiza majani mawili tu. Majani hupoteza maji, na kijiti bado hakina mizizi ya kuyatafuta.

Nilichanganya udongo na mchanga wa mtoni, nusu kwa nusu, nikajaza makopo yaliyotobolewa chini. Nikachomeka vijiti zaidi ya nusu ya urefu wake. Makopo niliyaweka chini ya mgomba, penye kivuli. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope.

Baada ya wiki mbili vikaanza kuchipua. Watoto wakashangilia. Mimi nikanyamaza. Kijiti kinaweza kuchipua kwa chakula kilichomo ndani yake tu, kisha kikafa. Jirani yangu alikuwa aking'oa vyake kila Jumapili kutazama mizizi. Hakupata hata kimoja! Mimi nilingoja wiki nane, ndipo nikavuta kidogo. Vinne vilikuwa vimekauka. Vinane vilishika udongo.

Angalia jambo moja. Mche wa kununua huenda ulibebeshwa juu ya shina la mwaridi mwingine, kama tunavyobebesha matunda damu. Usikate machipukizi yanayotoka chini kabisa ya shina. Utapata ua jingine.

Wazungu nao hufanya kazi kama hii kwa ua letu. Zamani za utawala wa Wajerumani, ofisa wao Walter von Saint Paul-Illaire alilipata ua dogo la rangi ya zambarau katika misitu ya Usambara, likapelekwa kwao. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani, na Wajerumani bado hulitaja kwa jina la Usambara. Hulizidisha kwa kuchomeka jani moja tu udongoni. Basi nasi tusiogope kijiti cha waridi.

Mafundi walikuja, na mti wa mama uking'olewa. Miche tuligawana. Mmoja uko Korogwe kwa dada yangu. Kule joto ni kali, kwa hiyo ameupanda upande wa mashariki wa nyumba, upate jua la asubuhi tu. Anasema maua yake ni madogo kuliko yetu, lakini harufu ni ya kwa mama.