Mwalimu wa Sarufi Ndani ya Kompyuta



Sisi tuliosomesha sarufi ya Kiswahili hudhaniwa kuwa kompyuta hazituhusu. Lakini wajukuu zetu hapa Maskati, wanaojifunza kutunga programu, wametufahamisha kwamba kila lugha ya kompyuta ina mwalimu wake wa sarufi.

Mtungaji huandika amri kwa maneno, ilhali mashine hufuata tarakimu tu. Baina yao imewekwa programu iitwayo kompaila. Sehemu yake ya mbele ndiyo isomayo: kwanza huzigawa herufi ziwe maneno, kisha hutazama kama maneno yamepangwa kwa kanuni, halafu huhakikisha kuwa yanapatana. Chukueni mfano wa "kitabu yangu imeanguka". Maneno yote ni ya Kiswahili, na mpangilio wake ni sahihi. Kilichokosekana ni upatanisho. Kompaila ikikuta kosa la namna hiyo hukataa kuendelea, na iliyotengenezwa kwa ustadi hutaja mstari wenye kosa pamoja na sababu yake.

Kuitunza sehemu hiyo ni kazi isiyokwisha. Lugha ya Fortran ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957, kwa kazi ya John Backus na wenzake, na hadi leo hutumika katika hesabu za utabiri wa hali ya hewa. Kanuni zake zimeongezwa mara kwa mara. Hata hivyo, kompaila zake nyingi bado husoma mtindo wa siku za kadi za kutobolewa, ambapo amri ilianzia safu ya 7. Wapo watu wanaozitunza ili zijue mapya bila ya kusahau ya kale.

Nasi je? Familia nyingi zilizohamia Omani kutoka Unguja na Pemba baada ya mwaka 1970 zina barua za wazee, zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Karatasi zipo na wino upo, lakini wasomaji wanapungua. Mashine imewekewa watu wa kuisomesha maandishi ya kale. Watoto wetu wamewekewa nani?

Rai yetu ni hii: kila Ijumaa alasiri tuwasomee barua moja. Na mtoto akisema "kitabu yangu", tusimcheke wala tusimnyamazie. Tumwonyeshe neno lililoteleza, tumweleze sababu, kisha tumwache aendelee.