Sahani za Maua

Katika nyumba nyingi hapa Manika, mjini Kolwezi, mtaona kabati lenye vioo, na ndani yake sahani zisizotiwa chakula. Kwetu zilikuwa tano, nyeupe, zenye maua ya buluu, kazi ya Uingereza. Nyanya yetu alizinunua Kitwe kabla ya mwaka 1964, Waingereza walipokuwa wangali wakitawala ng'ambo ya mpaka. Hapo kwanza zilikuwa sita. Vita ilipoingia Kolwezi, Mei 1978, alizifukia shambani. Siku ya kuzifukua, moja ilikuwa imepasuka.

Uzuri wake hauna ubishi. Lakini tuliposoma namna zilivyofanyizwa, tulistaajabu. Fundi alichonga maua juu ya bamba la shaba, akalipaka rangi ya buluu iliyotokana na kobalti. Akalaza juu yake karatasi nyembamba, kisha akaihamishia karatasi ile juu ya sahani, maua yakabaki hapo. Josiah Spode wa Stoke aliikamilisha kazi hiyo karibu na mwaka 1784. Shaba na kobalti! Si ndivyo vitu wanavyovichimba vijana wetu, hata chini ya nyumba zao, kama ilivyokuwa Kasulo mwaka 2014? Basi maua yale ya kigeni yalikuwa na ndugu zake katika udongo wetu.

Mwaka 2019 baba yetu aliugua. Siku moja akasema, "Mama, leo unipakulie bukari katika sahani ya maua." Mama akamjibu, "Baba, zile ni za wageni. Upone kwanza, tutafanya karamu." Nasi tulikuwapo, tukanyamaza. Baba hakupona. Siku za matanga sahani zikatolewa, wakazilia watu tusiowajua hata majina. Mama alizitazama, asiseme neno.

Tangu hapo kabati halifungwi kwa ufunguo. Jumapili tunakula bukari na sombe katika maua ya nyanya. Juzi mjukuu aliangusha moja, ikavunjika. Sote tukangoja makemeo. Mama akainama, akaokota vipande, akasema tu, "Hii imevunjika ikiwa na chakula."

Zimebaki nne. Enyi wenzetu wenye makabati, mgeni mtakayemwandalia yumo tayari nyumbani mwenu. Mpakulieni angali na hamu ya kula.