Safari Yangu kwa Daktari wa Ngozi

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, hata nikaiandikia insha, lakini sikudhani kwamba siku moja itanihusu mimi mwenyewe.

Mwaka jana, nilipokuwa Kidato cha Tatu, duara dogo lilinitoka mkononi, juu kidogo ya kiwiko. Ukingo wake ulikuwa na magamba, na usiku liliwasha sana. Niliona haya kumwambia mwalimu wa bweni, kwa maana wenzetu walikuwa wamemcheka kijana mmoja mwenye upele hata akahamisha kitanda chake karibu na mlango. Nami naungama kuwa nilikuwa miongoni mwa waliocheka.

Basi, siku ya ruhusa nilikwenda duka la dawa. Muuzaji hakuutazama mkono wangu. Nilisema nawashwa, akanipa tyubu ya dawa ya kupaka. Siku nne nilifurahi sana, maana mwasho ulikoma na duara likafifia. Nilipoacha kupaka, likarudi kubwa kuliko kwanza. Nikapaka tena. Baada ya miezi miwili duara moja lilikuwa limekuwa matano, mpaka begani, nami nikawa navaa sweta hata wakati wa joto.

Wakati huo mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Kwanza alinijia na duara shavuni, akasema, "Kaka, nisaidie." Kwa kujiona mjuzi nikampa tyubu ile ile. Wiki chache zikapita, nusu ya uso wake ikaharibika, akaacha kuja bwaloni kula. Hapo nikalijua kosa langu. Usiku ule ule niligonga mlango wa mwalimu wa bweni, nikavua sweta.

Mwalimu hakunigombeza. Asubuhi alitupeleka sote wawili zahanati. Tabibu alitutazama kwa makini, akasema kuwa dawa tuliyopaka imeibadili sura ya ugonjwa, kwa hiyo hawezi kuutambua kwa hakika. Akatuandikia barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya, nako tukaelekezwa kliniki ya ngozi ya Hospitali ya KCMC, Moshi. Nilikuwa sijui kama wako waganga waliosomea ngozi tu. Kumbe tangu mwaka 1992 hapo KCMC pana chuo kinachofundisha kazi hiyo, na wanafunzi wake hutoka nchi mbalimbali za Afrika.

Zamu yetu ilipofika nikaamkia, "Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Keti hapa dirishani penye mwanga."

Aliniuliza maradhi yalianza lini, nani mwingine anawashwa bwenini, na nimepaka nini. Nikamtolea tyubu. Kisha akaniambia nifumbe macho, akanigusa kwa pamba penye madoa, nami niseme kila nihisipo. Akapapasa mshipa wa fahamu kiwikoni. Alinieleza kuwa doa lisilo na hisia huweza kuwa dalili ya ukoma. Moyo ukanidunda. Lakini akasema kuwa siku hizi ukoma huponywa kwa vidonge vinavyotolewa bure, na anayewahi hupona kabla mishipa haijaharibika. Nashukuru pamba niliihisi kila mahali.

Baadaye alikwangua magamba kidogo kwa kiwembe butu, akayatia dawa juu ya kioo, akayatazama kwa hadubini. Akaniita nami nitazame. Niliona nyuzi nyembamba mithili ya mizizi ya nyasi.

"Hiyo ni choa, fangasi wa ngozi," akasema. "Tyubu yako ina steroidi. Steroidi ni dawa njema mahali pake, kama kwa mwenye pumu ya ngozi. Lakini hapa imewalaza usingizi askari wa mwili wako, na fangasi wakala karamu."

Alitupa vidonge vya wiki kadhaa, akatukataza kuazimana taulo na nguo. Mimi nimepona kabisa. Mwenzangu amepona pia, ila shavuni pamebaki alama hafifu. Nilipomwomba radhi alijibu, "Kaka, ulinipa ulichokuwa nacho." Neno hilo bado linanichoma.

Wanafunzi wenzangu, na ninyi wazazi wetu, mkiona doa, jipu lisilopona au mwasho usiokwisha, msianzie dukani. Anzeni zahanati iliyo karibu. Tabibu akishindwa, ombeni barua ya rufaa, na katika hospitali kubwa ulizeni siku ya kliniki ya ngozi. Chukueni kila dawa mliyokwisha kupaka, wala msione haya kuitaja. Lile swali la daktari juu ya tyubu ndilo lililotufumbua macho.

Tuliporudi shuleni nilimwendea yule kijana wa kitanda cha mlangoni, nikamtaka radhi mbele ya wenzetu. Upele wake ulikuwa umekwisha zamani kwa dawa ya zahanati. Jioni ile tulimsaidia kurudisha kitanda mahali pake.