Kabla ya Kuchua Kifundo
"Dada nesi, tumemchua mguu kwa mafuta ya moto, mbona unazidi kuvimba?" Hapa Stanmore naulizwa hivyo mara nyingi. Jamani, siku 2 au 3 za kwanza msichue wala msikande kwa moto; uvimbe huzidi. Mguu ukipinda au ukifa ganzi, kimbilieni hospitali. La sivyo, mgonjwa ajaribu kutembea hatua 4. Akishindwa, au mfupa wa nundu za kifundo ukiuma mkiubonyeza, apigwe eksirei, huenda umevunjika. Akiweza na mfupa hauumi, yaelekea ameteguka tu: barafu ndani ya kitambaa dakika 20, mguu juu ya mto. Hospitali ya mifupa ya hapa Stanmore haina kitengo cha dharura. Pigeni 111 muelekezwe. Wanafunzi, msiogope gharama: kabla ya kulazwa, matibabu ya dharura Uingereza ni bure.